Udongo wa Katikati

Mwaka ule Dodoma ilikula matofali
kama mtoto aliyepona homa anavyokula uji.
Kila wiki Fuso mbili, na bado simu inalia:
"Lechipya, leta, fundi amekaa bure."
Udongo wa Kigwe ukatuishia. Tukashuka hadi Chali,
tukalikuta lambo limekauka,
limepasuka vipandevipande,
nyayo za ng'ombe zimeganda humo tangu mwezi wa sita.

Nilipima kwa hatua. Sabini kwa arobaini.
Mwenyekiti alishapokea soda
na kile kinachokwenda na soda.

Koleo la kwanza halijazama,
mama mmoja akasimama ng'ambo,
mikono imekaukiwa udongo hadi viwikoni.
"Chukueni kando. Katikati, hapana."
Nikauliza katikati kuna nini, kaburi?
"Samaki."

Tulicheka, vijana watano na dereva.
Septemba, Bahi, vumbi linasaga meno,
maji tunanunua kwa dumu,
na huyu anatuambia samaki.

Hakukasirika. Sechelela, mfinyanzi,
binti wa mfinyanzi, mjukuu wa mfinyanzi.
Akapiga magoti, akang'oa bonge la udongo
kubwa kama ugali wa mtu mmoja,
akalitia kwenye beseni la bluu, akamimina maji,
yale yale ya dumu,
akafunika kanga, akaenda kuchambua mlenda.
"Kaeni au nendeni. Yeye haji kwa kelele."

Tulikaa kwa ajili ya kivuli cha lori, si kwa ajili yake.
Jua lilipolegea nikafunua.
Sikuona kitu. Matope tu.
Kisha matope yakasogea.
Kope.
Kope zenye macho.
Nikahesabu kumi na moja, nikapotea, nikaanza upya,
na nyuma yangu hakuna aliyecheka.

Alikuja mtu wa chuo kikuu, alisema Sechelela,
akalala hapa siku nne, akapima, akaandika,
akasema malambo ya namna hii yanakwisha:
huku mpunga, kule barabara, na kule ninyi.
Akamtaja samaki kwa jina refu. Sikulishika.
Sisi ni mgeni wa mvua.
Dume mkia mwekundu kama pilipili,
jike hana rangi, kama mimi.
Wanataga, wanakufa, lambo linakauka,
na mayai yanabaki chini yakisubiri.
Wafugaji tumewapa upande wa kusini wanyweshe,
tumegombana nao misimu miwili, sasa wameshika.

"Na hawa wa beseni?" nikauliza.
"Hao wamekwenda. Mvua bado miezi.
Kila asiyeamini hunigharimu bonge moja."

Hapo nilitamani kuwa nimeamini asubuhi.

Tukapakia udongo wa kando, nusu lori.
Nikiwa nafunga turubai nikamuuliza
nani aliweka sheria hii, serikali?
"Bibi. Alisema chungu cha udongo wa katikati
hupasuka motoni."
"Na kweli hupasuka?"
Alitazama mikono yake kwanza.
"Nilijaribu mara moja, usichana wangu.
Kilitoka kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufinyanga,
ukikigonga kinalia kama kengele.
Nikakivunja kwa jiwe
nikawapelekea vigae.
Nikasema, mmeona?"

Mteja wa Nkuhungu alinitukana kwa lile lori nusu,
akahamia kwa mwingine. Mwenyekiti soda yangu hajarudisha.

Mwezi wa kwanza nilipita Chali na pikipiki.
Lambo limejaa, watoto wanalizunguka
kwa fimbo, wanafukuza bata wa watu.
Niliinama mpaka pua ikagusa maji.
Pilipili mbili, tatu, zikapita chini ya majani.

Nina vijana wapya tanurini sasa.
Juzi mmoja aliniambia, bosi, kuna udongo mzuri sana
katikati ya lambo la Chali, mweusi, mlaini.
Nikamwambia usiuguse ule.
Tofali lake halishiki saruji.